Mtumbwi Unavuja, Wavu Haushiki: Anzia Wapi?

Muuza vifaa vya uvuvi mara nyingi hakuulizi unavulia wapi. Ukitaja wavu anakupa wavu, ukitaja injini anakuonyesha iliyopo dukani. Ndiyo maana mvuvi wa Matema, Ziwa Nyasa, unamkuta na vifaa ambavyo vingemfaa mwenzake wa Bwawa la Mtera, na wa Mtera anahangaika na boti iliyoundwa kwa ajili ya ufukwe wa mchanga. Mengi ya matatizo yanayofika kwa mafundi huku Nyanda za Juu Kusini, ukiyafuatilia, unakuta kifaa ni kizima, ila kimepelekwa kwenye maji yasiyo yake.

Kwa hiyo anza na maji. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi na urefu unaozidi kilomita 550. Matema iko kichwani kabisa, upande wa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Upepo wa kusini ukivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanakufikia yakiwa yameshasafiri mbali na kukua. Maji yenyewe ni maangavu, samaki anauona wavu. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ni habari nyingine kabisa: maji ya tope, visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa, na kimo kisichotulia. Likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwa uzalishaji wa umeme mita 690 ndiyo mwisho wa kushuka. Kati ya hapo ni mita nane na nusu. Kisiki ulichokipita juu bila kukijua mwezi wa tano kinaweza kukusubiri chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mwezi wa kumi na moja. Ziwa Rukwa nalo ni la kina kifupi na la magadi, na upepo wake hautoi taarifa ndefu.

Jambo la pili kabla hatujaingia kwenye dalili: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha mafuta, plagi na propela siku hiyohiyo, mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikiugua tena utanunua vyote vitatu.

Mtumbwi unayumba hata ziwa likiwa shwari

Wengi hulaumu umbo. Kabla ya kulaumu umbo, mwambie mtu ashuke kwenye ubao akae sakafuni, kisha utikise mtumbwi taratibu. Kuyumba kukipungua sana, tatizo ni uzito uliokaa juu. Shusha vikalio, laza nyavu katikati na chini, injini ya akiba isikae juu ya kitu.

Angalia pia ngama, yale maji yanayobaki chini ya mbao za sakafu. Maji ya kimo cha kiganja tu yanakimbilia upande ambao mtumbwi umeinamia na kuuzidishia kuinama. Mtu anasema chombo kimeharibika tangu wiki iliyopita, kumbe wiki iliyopita ndiyo kilianza kuvuja kidogo na hakuna aliyekuwa anakumba maji.

Kama bado ni chepesi, ongeza uzito chini. Hapa watu hutia viroba vya mchanga. Mimi sivipendi: mtumbwi ukijaa maji, mchanga unauvuta kwenda chini. Tia madumu yaliyojazwa maji, yafungwe kwa kamba yasihame. Mtumbwi ukizama hadi ukingoni, dumu la maji ndani ya maji halina uzito wa kukusumbua. Halafu chini ya ubao wa omo (mbele) na wa tezi (nyuma) funga madumu matupu yenye vifuniko vya kukaza. Dumu la lita 20 linaweza kunyanyua karibu kilo 20, na manne yake yanatosha kukufanya ushike kitu kinachoelea badala ya kuogelea. Jaketi la kuokolea linabaki palepale, hilo halina mbadala.

Onyo moja kwa wenye mitumbwi ya gogo pande za Kyela. Mdomo wake mwembamba unakera unapopanga wavu, na kuna mafundi watakaokubali kuupanua. Usikubali. Ule wembamba ndio unaozuia wimbi kuingia, na kingo zile ndizo zinazolifanya gogo lisifunguke. Ukihitaji nafasi, nunua au unda chombo cha mbao.

Unavuja, lakini hujui wapi

Ukiwa majini hutaona kitu, kwa sababu maji yanaingia pale na kujitokeza kwingine. Pandisha chombo nchi kavu, kiegemeze vizuri kisipasuke kwa uzito, kifute nje kikauke, kisha mimina maji ndani. Yatakapotoka nje, weka alama ya mkaa. Anza na maji kidogo ukiongeza polepole, ili ujue kama tundu liko kwenye mkuku, kwenye maungio ya mbao, au juu karibu na ukingo ambako maji huingia siku ya mzigo tu.

Chombo kilichokaa juani kwa wiki kadhaa kitavuja kila mahali, na hiyo si lazima iwe ubovu. Mbao zimesinyaa. Kiloweshe siku moja au mbili kabla ya kuamua. Anayekalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, mbao zikiwa kavu kabisa, akashindilia kwa nguvu zote, atashangaa mbao zikivimba majini zinasukumana mpaka misumari inalegea kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Shindilia kwa kiasi, kisha funika kwa deheni au lami.

Ufa kwenye gogo una tabia moja: haukai palepale. Kabla ya kuuziba, tafuta mwisho wake kabisa, ule uzi mwembamba unaokaribia kupotea, utoboe hapo kwa keekee tundu dogo. Ufa ukifika kwenye tundu unasimama. Ziba tundu kwa kijiti kilichochovywa lami, weka kipande cha mpira wa tairi la ndani juu ya ufa, juu yake bati, na misumari mifupi iwe mbali kidogo na ufa wenyewe. Ukipigilia karibu, unauongezea njia.

Ubao umelainika baada ya mvua moja

Hili ni letu kabisa. Tuna shamba la miti la Sao Hill pale Mufindi, na paina ni rahisi kupatikana kuliko mbao nyingine yoyote. Ina faida: ni nyepesi, imenyooka, inafanyika kwa randa bila ugomvi. Lakini paina mbichi isiyotiwa dawa inaoza haraka inapolowa na kukauka, hasa kwenye ncha za mbao na chini ya mataruma ambako maji hayakauki. Choma kwa ncha ya kisu sehemu hizo kila unapopandisha chombo. Kisu kikiingia bila kusukumwa, ubao huo umekwisha hata kama rangi inang'aa. Paina iliyotiwa dawa inasaidia, ila dawa mara nyingi imekolea upande wa nje, hivyo kila ulipokata kwa msumeno paka dawa tena kabla ya kupigilia.

Plaiwudi nayo ina mtego wake. Dukani utaambiwa ni "marini bodi" na utaonyeshwa karatasi nyeusi inayong'aa juu. Nyingi ya hizo ni za kumiminia zege au za makabati. Omba kipande kidogo cha kiganja, kichemshe saa kadhaa kwenye sufuria, kikaushe, kisha jaribu kukipasua kwa kisu kwenye matabaka. Gundi ikiachia, hiyo ni ya makabati. Kikibaki kimoja, angalia pia kama katikati kuna mapengo. Mapengo ndiyo yanayobeba maji hata kama gundi ni nzuri. Muuzaji asiyetaka kukupa kipande cha kuchemsha amekujibu tayari.

Resini ya faiba imegoma kukauka

Swali la kwanza: unafanyia wapi kazi? Kama ni Mafinga au Makete mwezi wa sita au wa saba, jibu ni baridi. Resini ya poliesta hutaka joto, na chini ya nyuzi 15 hivi inazubaa, inabaki inanata siku nzima. Wengi huongeza dawa ya kukaushia mpaka inapita kiasi. Inayohitajika kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Ukizidisha, inachemka yenyewe, inakuwa dhaifu na kupasuka. Afadhali ufanye kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, resini uiweke ndani kwenye joto usiku uliotangulia, na usipake jioni. Au subiri Septemba.

Boti ya faiba inayozidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka imekunywa maji, mara nyingi kupitia ubao wa tezi unaobeba injini. Gonga ubao huo kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima panatoa mlio mkali, palipooza panatoa mlio mfu. Usiendelee kuning'iniza injini pale panapotoa mlio mfu.

Mashine inanguruma, boti haiendi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hukimbilia kufungua kabureta.

Tazama kwanza urefu. Injini za shafti fupi zimetengenezwa kwa ubao wa tezi wa kama inchi 15, za shafti ndefu inchi 20. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa kuwa sawa na chini ya boti au sentimita chache chini yake. Likiwa juu zaidi, wimbi likinyanyua tezi propela inakamata hewa, mashine inapiga kelele na boti inasimama. Kwenye maji tulivu ya Mtera huenda usilione tatizo hili. Ukiipeleka boti hiyohiyo Matema siku ya upepo utaliona dakika ya kwanza.

Kama urefu uko sawa na bado mashine inanguruma bure, hasa ukikaza gesi, wakati ukienda polepole inavuta vizuri, shuku mpira ulio ndani ya propela. Injini nyingi zina mpira huo ili propela ikigonga kisiki mpira uteleze na gia zipone. Ukishateleza mara kadhaa haukamati tena. Jaribio lake ni la bure: chukua rangi, piga mstari mmoja ulionyooka unaovuka kutoka kitovu cha chuma cha katikati hadi sehemu ya nje ya propela. Endesha kwa nguvu kidogo, rudi ufukweni, tazama mstari. Ukikatika ukawa miwili isiyokutana, propela inahitaji mpira mpya.

Injini ndogo zaidi hutumia pini inayokatika badala ya mpira. Kwa anayevulia katikati ya visiki, pini za akiba ni sehemu ya safari, pamoja na koleo la kuzitolea. Usiweke msumari badala yake. Pini imetengenezwa ikatike. Msumari mgumu haukatiki, kwa hiyo kinachokatika ni gia.

Sasa ndiyo tuje kwenye mafuta na hewa. Injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mtera, kwenye mita 700 hivi, unakosa karibu asilimia 7, kwa hiyo mashine iliyovuta mzigo fulani Pwani haitaonyesha nguvu ileile. Lakini linalosumbua zaidi watu wa Mbeya ni jingine. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi. Fundi akiiwasha injini yako ndani ya pipa la maji, akapunguza mafuta kwenye kabureta mpaka ikatulia vizuri, amefanya kazi sahihi kwa Mbeya. Ukiishusha Matema, chini ya mita 500, hewa inakuwa nzito na mafuta yaleyale yanakuwa machache. Mashine inapata joto, inakosa nguvu ukikaza gesi, na plagi ukiifungua ni nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Mwambie fundi marekebisho ya mwisho yafanyike ufukweni.

Mashine ikiwa haikojoi, yaani ule mkondo mwembamba wa maji ya kupoozea hautoki, zima papo hapo. Chokonoa tundu kwa waya laini kwanza, maana mchanga wa ufukweni na tope la bwawani hupenda kukaa hapo. Maji yasipotoka, impela ya pampu, kile kinachozunguka na kusukuma maji, imekwisha. Kwa anayewasha injini kwenye maji ya magotini, impela ni kifaa cha kubadilisha mara kwa mara, wala asilalamike.

Na oili. Injini ya kuchanganya mafuta, nyingi zikiwa za 50 kwa 1, inahitaji mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Soma kitabu chake kwanza. Oili hiyo iwe ya injini za boti za kuchanganya. Oili ya bodaboda haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli, inaacha masizi kwenye plagi na kwenye pistoni.

Wavu wako mtupu, wa jirani umejaa

Usianze na wavu, anza na samaki wachache uliowapata. Tazama wameshikwa wapi. Perege aliyelingana na jicho la wavu anashikwa nyuma kidogo ya mashavu, uzi ukiwa umeingia chini ya kifuniko cha matamvua. Ukiona wengi wameshikwa mdomoni au kwenye meno tu, jicho ni dogo kwa samaki wa eneo hilo, na wakubwa wanagonga na kurudi. Ukiona wameshikwa tumboni, jicho ni kubwa na wenzao wamepita. Kwa hiyo samaki watatu wanaweza kukwambia zaidi ya mwenye duka. Ukubwa wa jicho unaoruhusiwa ziwani au bwawani kwako muulize afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kununua. Zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki usiosokotwa, ambazo kanda ya ziwa huitwa timba, usizinunue kwa bei yoyote; Kanuni za Uvuvi za 2009 zimezipiga marufuku.

Jicho likiwa sahihi, tazama namna wavu ulivyofungwa kwenye kamba. Mita 100 za wavu uliovutwa ukanyooka, kwa kawaida hufungwa kwenye kamba ya mita 50. Hapo wavu una ulegevu unaomruhusu samaki kuingiza kichwa na kunasa. Mwenye pesa ndogo anashawishika kuufunga kwenye mita 70 ili wavu mmoja ufike mbali. Macho yanafunguka vizuri, wavu unapendeza ukiutazama nchi kavu, lakini umekazwa, na samaki akiugusa anarudi nyuma. Kuufunga kwenye mita 40 nako kunanasa kila kitu kwa kukizungushia nyuzi, halafu unashinda asubuhi nzima ukichambua.

Kisha vielea. Wavuvi wengi hukata kandambili kuukuu, na kwenye maji ya kina kifupi sina tatizo nazo. Ila kwenye mita 10 mgandamizo tayari ni mara mbili ya ule wa juu. Sponji ya kandambili inabonyea, inapoteza uwezo wa kunyanyua, na wavu unajilaza chini huku wewe ukiamini umesimama wima. Ushahidi utauona ukiupandisha: kamba ya juu ina tope. Kwa Nyasa tumia vielea vya plastiki ngumu. Angalia pia kamba yenyewe: ya nailoni inazama, zile za plastiki nyepesi za rangi ya bluu au ya chungwa kwa kawaida zinaelea. Ukifunga chubwi, vile vizito vya kuzamisha wavu, kwenye kamba inayoelea, umeanza na deni.

Unene wa uzi ufuate maji. Nyasa panahitaji uzi mwembamba, wavu utegwe jioni na kuinuliwa alfajiri. Mtera hata uzi mnene unashika kwa sababu ya tope, na unahimili visiki. Wavu ulioota utelezi wa kijani unaonekana kote, uoshe.

Tundu nalo lina maelezo yake. Mpasuko mrefu ulionyooka ni kisiki. Shimo kubwa lenye kamba iliyokatika pia ni mamba au kiboko, na dawa yake ni kuhama eneo, si kununua uzi mnene. Vitundu vingi vidogo vilivyokaribiana ni panya, na vilitobolewa nyumbani kwako. Wavu unaokatika popote ukivutwa umeliwa na jua. Chomoa uzi mmoja kutoka upande uliokuwa juu ya rundo na mmoja kutoka ndani ya rundo, vilowanishe, uvivute kwa vidole. Wa juu ukikatika mapema sana, tatizo ni mahali unapoanikia. Nailoni hukaushwa kivulini.

Ndoano na mshipi havihitaji maneno mengi. Mshipi ukikatikia kwenye fundo kila mara, lilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Perege ana mdomo mdogo, kambale ana nguvu, kwa hiyo ndoano moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Ufito wa mwanzi uliokatwa jana utapinda na kubaki umepinda. Ukaushe kivulini wiki kadhaa ukiwa umening'inizwa na kitu kizito upande wa chini. Iringa mianzi haikosekani, mradi mwenyewe awe ameshagema ulanzi wake.

Taa inawaka, usipa hawaji

Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvutwa kwa taa usiku, kwa hiyo tazama mwezi. Ukiwa mpevu, taa yako inashindana na anga lote, na kuongeza taa nyingine hakusaidii kitu. Usiku huo tengeneza nyavu. Kama ni giza na bado hawaji, shusha taa karibu na maji. Ikiwa juu sana au imeinama pembeni, mwanga mwingi unateleza juu ya maji bila kuzama.

Taa inayoanza vizuri na kufifia saa sita usiku ni suala la betri. Taa ya LED ya wati 10 kwa volti 12 inakula kama ampea 0.8. Betri ya bodaboda ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya haraka inaonekana kudumu kwa muda wa saa nane, ila betri ya aina hiyo ukiizoesha kuimaliza kila usiku haitafika mbali, kwa hiyo hesabu nusu: muda wa saa nne. Unahitaji betri mbili zilizounganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, au moja kubwa ya sola.

Na kabla ya kununua betri, gusa viungo vya waya taa ikiwa imewaka nusu saa. Kiungo kilicho cha moto ndicho kinachokula mwanga wako. Kikate, chuna waya mpya mpaka shaba ing'ae, kaza upya, pakaa grisi, uzungushie utepe kuanzia chini kwenda juu ili maji yasipate pa kuingilia.